Mgonjwa, Miaka Minne

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mama,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha. Najua siku hizi wanaoandika barua ni benki na mahakama, lakini simu nimeizima na kuificha kwenye kabati la vyombo, chini ya lile sufuria kubwa tusilolitumia. Nikiiwasha inatetemeka mpaka inajisogeza yenyewe mezani. Basi nakuandikia kama enzi za posa, ulipokuwa unanikagua kwa mwandiko.

Nianze na ninachokitaka, maana nikizungukazunguka nitaishia kukueleza habari za mvua. Mwanao anakula? Aliniaga kwamba anakuja kwako kwa wiki moja kupumzisha kichwa, nikamfungia mashati matatu. Sasa mwezi unakatika. Simu yangu imezimwa, sawa, lakini fundi wa lifti anayejua kumtoa mtu aliyekwama kati ya ghorofa na ghorofa hawezi kukosa njia ya kumfikia mkewe.

Yanayosemwa nadhani yameshakufikia, ila uyasikie kwangu. Siku Chiriku alipobanwa na pumu nilipiga simu kule kule ninakofanya kazi, kwenye chumba cha simu za dharura, na aliyepokea ni mwenzangu tunayekaa meza jirani. Mtu, hatujui nani, ameiba rekodi ya simu ile na kuiachia mtandaoni. Watu wanaisikiliza huku wanakula chakula cha mchana. Wanamsikia mwanamke mwenye sauti tulivu akitaja mtaa kwanza, kisha namba ya nyumba, kisha anasema: "Mgonjwa, mtoto wa kike, miaka minne, pampu ameshapewa, hapumui." Hapo ndipo wanaponinasa. Mama gani anamwita mwanawe mgonjwa? Kuna bwana mmoja wa miwani, anasema amesomea saikolojia. Anaisimamisha rekodi kila baada ya sentensi na kuwaeleza watu nafsi yangu ilivyo. Amegundua kwamba sina mapenzi. Amegundua pia kwamba ulezi ulikuwa umenichosha. Wanaoandika chini yake wanammalizia kazi: mama aliyechoka hivyo huenda pampu aliichelewesha kwa makusudi.

Polisi walishauliza yao, hospitali ilishaandika kwamba ni pumu, faili likafungwa. Ya mtandaoni ningeyavumilia, Mama, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nisichoweza kukivumilia ni kutojua mume wangu anaamini nini. Tangu mazishi hajaniuliza kitu. Aliuliza kama gesi imebaki, akauliza kama mlango wa nyuma umefungwa. Heri angenigombeza. Usimwambie kama nimeuliza.

Wakuu wangu wamenipa likizo ambayo sikuiomba. Jina la Chiriku ulimpa wewe kwa ajili ya kelele zake, na kweli sikujua nyumba hii ni kubwa namna hii.

Mkweo


Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mwandiko wako bado unayumba kama mtu anayetoka kilabuni. Nakwambia leo ukweli, posa ile niliipitisha kwa huruma.

Mumeo anakula. Jana kamaliza sahani na kuifuta kwa kidole, kama enzi zake za utoto. Analala vizuri, na anakusalimu sana. Amesema niandike hivyo hivyo, "msalimie sana." Sasa hivi nikikuandikia yuko nje anafunga bawaba za mlango wa choo. Mwanaume akiumia moyo anatafuta bisibisi, wewe mpe muda.

Hayo ya mtandaoni niliyapata kwa mteja mmoja aliyefuata mapazia yake. Kaja na simu mkononi, eti "bibi, huyu si mkweo?" Nikamwambia, mama, mapazia yako haya hapa, nenda kaweke kwenye dirisha lako kabla hujachungulia la mwenzio. Kaondoka mbio mpaka akasahau ndoano za kuningʼinizia. Zipo hapa, na sitamkumbusha.

Huyo wa miwani mimi namwita Profesa wa Machozi. Amewahi kumpakata mtoto ambaye kifua kinapiga mluzi? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuona ukimkalisha yule mtoto wima kwenye mapaja yako hata ukafa ganzi miguu, ukainuka unachechemea. Niulize mimi, sina miwani.

Kula na wewe. Ukija huku mifupa tupu nitakurudisha.

Mama


Alhamisi, tarehe 20 Juni

Mama,

Shikamoo. Ile "msalimie sana" nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nilijua hawezi kuninyamazia moja kwa moja. Yeye ndivyo alivyo, ukimtaka aseme neno lazima umshikishe kazi.

Na kazi ipo. Kitanda cha Chiriku alikitengeneza mwenyewe kwa vyuma, na alivyokikaza hakuna anayeweza kukifungua isipokuwa yeye. Nimejaribu kwa spana ya jirani nikachubuka mikono. Mwambie namsubiri Jumapili ijayo. Asije kuzungumza kama hataki, aje kufungua kitanda. Nitatafuta nyama nzuri.

Jirani niliyekuwa nikimlindia mtoto wake kila alipokwenda kliniki sasa akiniona kwenye korido anamvuta mwanawe ndani. Hafungi mlango kwa nguvu, anaufunga polepole kwa adabu, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Sokoni msichana mmoja kaniomba radhi, kisha kanipiga picha. Muuza nyanya kanipa nyanya kabla sijasema kitu, ili niondoke haraka. Usinionee huruma, zilikuwa nzuri.

Kuna jambo la ajabu nimeligundua: nimeanza kujisikiliza. Nikimwambia mtu "asante" najiuliza hiyo asante imetoka na ubaridi kiasi gani. Jana nilisimama mbele ya kioo nikijaribu kumwita Chiriku kwa sauti ambayo wangeiamini. Nikaacha, nikaenda kufagia.

Jumapili, Mama. Usisahau kumwambia.

Mkweo


Jumatatu, tarehe 1 Julai

Mama,

Shikamoo.

Jumapili hakuja mtu. Nyama niliipeleka kwa mlinzi.

Lakini leo siandiki kwa ajili ya hilo. Mwenzangu wa meza jirani, yule aliyepokea simu yangu, amekuja kunitazama. Alikaa kwenye ukingo wa kiti akizungusha funguo kidoleni, na mimi namjua, akizungusha funguo ana habari mbaya. Bwana wa miwani ametoa video nyingine. Anasema "mtu wa karibu kabisa na familia" amemwandikia, na kumweleza kwamba siku ile ile, mtoto bado yuko chumba cha maiti, mama alirudi nyumbani akafua shuka za kitanda chake. Watu wamechachamaa. Wanasema nilikuwa nafuta ushahidi. Wapo wanaotaka faili lifunguliwe upya.

Shuka zile nilizianika bafuni, ndani, mlango umefungwa. Ulipofika jioni ile uliingia bafuni kunawa uso. Ulitoka ukaniangalia, ukauliza chai iko wapi, na mimi nikashukuru kwamba hukuuliza zaidi.

Mama, nilidhani hukuuliza kwa sababu unanijua. Kama uliumwa na swali, si ungeniuliza mimi? Ulimwambia nani? Yule mteja wa mapazia? Mtu alikupa bega ukalilia, ukasema zaidi ya ulivyokusudia? Nitaelewa, ila niambie. Nilikuwa na watu wawili tu duniani ambao nilikuwa na hakika nao.

Mkweo


Jumapili, tarehe 7 Julai

Mwanangu,

Ni mimi. Usitafute zaidi.

Kuna mwanamke alikuja dukani, tukakaa, maneno yakazaa maneno. Nikataja shuka. Ulimi hauna mfupa, na wangu umezidi. Sikujua atazifikisha huko. Nikasirikie mimi, ni haki yako, mimi nimeshazeeka, hasira ya mkwe hainiui. Mumeo hana habari. Jumapili ile alikuwa na homa ndiyo maana hakuja.

Narudia, mumeo hana habari. Hasira zote zilete huku kwangu.

Mama


Jumatano, tarehe 10 Julai

Mama,

Barua yako nimeipata. 

Mkweo


Ijumaa, tarehe 12 Julai

Mke wangu,

Nilianza kuandika "Mama Chiriku" nikakata. Sijui sasa tuitane nani.

Mimi si mwandishi. Nitaandika kwa mpangilio.

Mama hakumwambia mtu yeyote habari za shuka. Hakuna mwanamke aliyekuja dukani. Leo asubuhi nilipotoka kuoga nilikuta barua yako ya tarehe mosi imewekwa juu ya simu yangu, na juu yake ile fupi ya Jumatano. Mama alikuwa kwenye cherehani amenipa mgongo. Hakugeuka mpaka nilipomaliza kusoma, na alipogeuka alisema, "Nimekubeba nilivyoweza, sasa shuka utembee." Nadhani alitaka kutuokoa sote na akashindwa kuendelea.

Mimi ndiye niliyemwandikia yule bwana. Shuka niliziona mwenyewe bafuni usiku ule. Sikutaja jina langu wala lako. Niliuliza tu, mama akifua shuka siku ile ile, maana yake nini. Sikujua kwamba atalisoma mbele ya watu.

Nilikuwa namsikiliza tangu wiki ya kwanza. Sikuwa na homa. Sikuwa nakula vile Mama alivyokuambia, na ile salamu hakuipata kwangu. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya nyuma na simu. Unajua kazi yangu. Lifti ikikwama, walio ndani wanapiga kelele, kila mmoja ana lake, na sisi tumefundishwa tusiwasikilize. Unafungua kibao, unasoma namba ya hitilafu, unatafuta maana yake kwenye kitabu cha kiwanda. Nilikuona kila siku kwa miaka yote hii, na siku ile niliposikia sauti yako kwenye rekodi sikuitambua. Nikadhani yule bwana ana kitabu.

Nilikuwa mbali, kwenye jengo la watu, mtoto wangu anakufa. Nilitaka mtu mmoja anieleze, na nilikuogopa wewe. Niliogopa jibu.

Sasa nakuuliza wewe uliyepaswa kuulizwa kwanza. Kwa nini hukumwita jina? Kwa nini ulifua?

Mumeo


Jumanne, tarehe 16 Julai

Mume wangu,

Umeuliza. Nilisubiri maswali haya mawili tangu tulipotoka makaburini. Ungeniuliza kwenye gari ningekujibu kwenye gari.

Jina. Kila siku ya kazi watu wanatupigia wakilia jina. Hawataji mtaa, hawataji kilichotokea, wanalia jina tu, na wakati huo hakuna anayemgeuza mgonjwa, hakuna anayembonyeza kifua. Kitu cha kwanza tunachofundishwa ni kumtoa mtu kwenye jina. "Mama, achana na jina, nieleze mgonjwa ana miaka mingapi." Nimewaambia hivyo akina mama wengi kiasi kwamba sikumbuki nyuso, na nyuso zenyewe sijawahi kuziona. Walionitii, baadhi yao watoto wao wako shuleni leo.

Kwa hiyo ilipofika zamu yangu nilijua. Ningesema Chiriku hata mara moja, ningekuwa mama yake, na mama yake hakuwa na msaada wowote mle chumbani. Mama yake alitaka kukaa chini na kupiga kelele. Aliyehitajika ni yule mwanamke wa kazini, nikamwita yeye. Alifanya yote aliyofundishwa, kwa utaratibu wake. Mtoto akafa mikononi mwa yule mwanamke wa kazini. Mimi mama yake mpaka leo naona kama sijafika.

Shuka. Mwili ukikosa pumzi hujikojolea, sisi tunayajua hayo. Wewe ulikuwa njiani unakuja. Nilijua utaingia chumbani kwake kabla hujaingia kwangu, na kwamba utapiga magoti, na utaweka uso kwenye kile kitanda. Nikatandika nyingine, nilitaka ukikute kikavu. Nilitaka kinukie sabuni, ukae ukidhani alisinzia. Nilifua kwa ajili ya macho yako, si ya polisi.

Na kweli uliingia, ukapiga magoti, ukaweka uso pale. Nilikuwa mlangoni nikikuangalia. Nikasema moyoni, angalau hili nimeliweza.

Majibu yangu ndiyo hayo. Kwenye kitabu cha yule bwana hayamo.

Mkeo


Jumatatu, tarehe 29 Julai

Mama,

Shikamoo. Umenidanganya mara mbili. Salamu ulizozibuni nilizila kama mkate kwa siku nyingi, na dhambi ya shuka ukajitwika ambayo si yako, nami nikakuandikia mstari mmoja mkavu. Kwa salamu nakusamehe. Kwa shuka, ni mimi niliyekukosea, nilipaswa kujua kwamba ulimi wako hutukana watu usoni, haujawahi kusengenya mgongoni. Naomba radhi.

Mwanao alifika juzi. Utakuwa umeona kwamba aliondoka bila mashati. Amekonda, Mama, na ulisema anafuta sahani kwa kidole. Aliingia akaweka barua yangu mezani, ikiwa imekunjwa mpaka inakatika, na akalia. Sijawahi kumwona akilia vile, hata makaburini alijikaza. Alisema ananiamini. Alisema amemwandikia bwana wa miwani, safari hii kwa jina lake kamili, na kumtaka afute. Hakufuta. Ametoa video ya tatu, eti mume naye ameshatekwa akili. Tuliitazama pamoja mpaka mwisho, kisha yeye akacheka kidogo, na mimi nikacheka, na kwa muda tulikuwa watu wa zamani.

Kitanda alikifungua. Ilimchukua muda mfupi sana. Tulivipanga vyuma ukutani kwa urefu wao, nikampikia, akala. Halafu akaniuliza kama anaweza kukaa.

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimeikunjua hata shuka ya upande wake. Lakini nilipokuwa nikiosha vyombo machozi yalinijia, yale yenyewe, yaliyokuwa yamekwama tangu siku ile. Nilisikia kifua kinafunguka. Nikageuka nikamkuta amesimama mlangoni ananiangalia. Hakuwa na ubaya, Mama. Alikuwa ananiangalia kwa upendo na kwa matumaini, kama mtu anayengoja kuona. Yakakauka pale pale. Nilijua kwamba mbele yake kila chozi nitakalotoa nitajiuliza kama analihesabu, na kila siku nisipolia nitajiuliza kama anakumbuka ile sauti. Ananiamini, nalijua hilo. Ila alikwenda kuwauliza watu wote kwanza, na sasa hao watu wote wanaingia naye kila anapofungua mlango.

Nikamwambia asikae. Sikupandisha sauti. Alipiga kelele kidogo, akasema nimemhukumu, akasema mtoto alikuwa wake pia. Ni kweli, alikuwa wake pia, na nikamwambia hivyo. Alilala kwenye kochi akaondoka kulipokucha. Atarudi kwako, mpokee. Usimseme. Mpe chakula, safari hii hakikisha kinaingia tumboni.

Tangu aondoke nyumba imetulia, na nimejaribu kulia peke yangu, nimeshindwa. Inaonekana mtu mmoja lazima awepo, asiyetafuta chochote usoni kwangu. Nimefikiri ni nani, sikumpata mwingine. Wewe uliziona zile shuka kabla ya mtu yeyote, ukanawa uso, ukatoka, ukaniuliza chai iko wapi.

Funga duka, Mama. Wateja wa mapazia waendelee kuchungulia kwa wiki mbili. Ukifika usinipikie na usinifariji, kaa tu hapo na kazi yako ya mkono, usiniangalie, ili nianze.

Njoo peke yako.

Mkweo